Ungeyasema Haya Mama Akiwa Ndani?

Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Mwalimu wetu wa mjadala alitukumbusha methali hiyo kila jioni ya mazoezi. Hakukosea. Msemaji asiyewaangalia wanaomsikiliza anajisemea mwenyewe tu.

Nilisoma Soin, upande wa chini wa Kericho, kwenye joto na miwa. Chai iko juu milimani, na baadhi ya watu wa kwetu hupanda huko kutafuta kazi. Mamangu alikuwa mmoja wao. Majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni, halafu foleni ya mizani, maana mchumaji hulipwa kwa kilo.

Mwaka huo hoja ilikuwa kwamba mashine za kuchuma chai zina faida kuliko hasara. Sisi tukapewa kupendekeza. Sawa tu. Kwenye mjadala upande huuchagui, na kila mtu ukumbini anajua hivyo. Hapo sioni dhambi hadi leo.

Raundi ya kwanza tulikuwa nyumbani. Nikaanza na "Chamgei!", ukumbi mzima ukaitikia. Nikawatazama wale watoto wa wachumaji, nikatangaza kwamba hakuna atakayepoteza kazi, kila mchumaji atafunzwa kuendesha mashine. Nilitoa wapi hiyo? Hewani. Makofi yakalia, tukapita.

Raundi ya pili ilikuwa Kericho mjini, mbele ya majaji wenye suti. Chamgei nikaiacha kwenye matatu. Nikazungumzia gharama, nikataja mnada wa chai wa Mombasa, nikasema kupunguza wafanyakazi ndiyo faida yenyewe. Tukapita tena. Nikajiona mjanja, bana.

Fainali tukarudi mjini, ila safari hii wazazi walialikwa. Mama alikuja na sweta yake ya kanisani, akaketi safu ya tatu, nyuma ya majaji wale wale. Hapo nikakwama. Ya Soin majaji wangeyacheka. Ya mjini Mama angeyasikia. Nikaongea nusu nusu, tukashindwa.

Tukiwa njiani kurudi akaniuliza, bila hasira, "Kijana, hizo mashine zikija, sisi tutabaki ama tutaenda?"

"Sijui, Mama."

"Si ungesema hivyo."

Katika *Gorgias*, Plato anamfanya Socrates alinganishe ufundi wa kusema na upishi: unampa mtu kitamu bila kujali kama kitamfaa. Mimi naona upishi umeonewa. Mgeni asiyekula pilipili unampunguzia pilipili. Humwekei mchanga kwenye chai ukamwambia ni sukari.

Kwa hivyo badilisha salamu, badilisha lugha, badilisha mfano na hata mpangilio wa hoja zako. Soin, anza na kikapu. Mjini, anza na mnada. Hiyo ni heshima kwa anayekusikiliza. Lakini ukibadilisha kile unachodai kuwa kweli, hujamheshimu, umemchezea. Upande ni wa mchezo, ushahidi si wa mchezo. Ningeweza kupendekeza mashine zile kote kote na bado nikakiri kwamba kuna watakaoumia, kisha nieleze kwa nini naona gharama hiyo inafaa kubebwa, na nani aibebe. Ni hotuba ngumu zaidi. Labda ingeshindwa pia.

Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilipochomwa moto Kericho, nilikumbuka ahadi yangu ya raundi ya kwanza. Swali la Mama halikuwahi kuwa la mashindano.

Siku hizi, kabla sijasimama mbele ya watu, nawaweka wote kwenye ukumbi mmoja kichwani: majaji mbele, Mama safu ya tatu. Sentensi ikihitaji mmoja wao atoke nje kwanza, naifuta.