Wajukuu Wako Nyumbani, Wewe Uko Ujerumani



Leo tuongee kuhusu wazee. Siyo wale wa jumuiya zetu ndogo ndogo, hao tunawajua. Nasema mume na mke waliostaafu, nyumba wanayo, wajukuu wanao, halafu wanafunga mlango na kwenda nchi ya mbali kukaa na vijana ambao hawajawahi kuwaona. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake tumezoea kuwaita Wamormoni, lina utaratibu huo. Wanandoa wazee hujitolea kwa miezi 6 mpaka 23, na gharama wanajilipia wenyewe. Baadhi hupelekwa kwenye vituo vya vijana ambao hawajaoa wala kuolewa, mpango ulioanzia Ujerumani na Denmark mwanzoni mwa miaka ya 2000. Imani yao siyo yetu, na mwaka 2001 Roma ilisema wazi kwamba ubatizo wao haulitambui kuwa halali. Lakini maisha yao yanaleta swali ambalo hata sisi linatuhusu.

Tazama siku yao. Hakuna miujiza. Asubuhi sala na Maandiko, kisha sokoni, maana jioni watakuja vijana na hujui kama ni sita au ishirini. Mama anapika, baba anamenya viazi (natumaini anamenya). Jioni mlango unafunguliwa: darasa la dini, michezo, chakula, maongezi. Vijana wakiondoka, sufuria zinabaki na watu wawili wenye magoti yanayouma. Jumatatu ni jioni ya familia: kwa desturi yao, kila nyumba huitenga kwa ajili ya sala, mafundisho na michezo ya wazazi na watoto. Kituoni wazee hawa wanaifanya na watoto wa watu wengine. Na Jumatatu hiyohiyo, ng'ambo ya bahari, wajukuu wao wanaifanya bila babu wala bibi.

Je, ni haki?

Kwetu bibi akifanya hivyo, ukoo utaitisha kikao. Na tusiwacheke hao ndugu, wana hoja. Paulo anamwambia Timotheo maneno makali juu ya mtu asiyewatunza watu wa nyumbani mwake. Katika Marko 7, Yesu anawakemea waliosema kwamba mali ya kuwatunzia wazazi ni Korbani, imeshatolewa kwa Mungu. Basi babu naye anaweza kuwafanyia wajukuu Korbani. Kusema ukweli, kumpenda mtu wa mbali kuna urahisi wake. Kijana wa kituoni hakumbuki ulivyokuwa mkali kwa wanao miaka 30 iliyopita. Amekukuta umeshaiva.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba upendo una mpangilio: walio karibu nasi tunawajibika kwao zaidi. Wengi huishia hapo. Lakini mbele kidogo katika Summa hiyohiyo, anapozungumzia kutenda mema, anasema mgeni aliye katika shida kubwa kabisa anaweza kutangulia hata baba yako mzazi, kama baba hana shida ya namna hiyo. Kwa hiyo vipimo ni viwili, ukaribu na uhitaji, na huwezi kutumia kimoja ukaficha kingine.

Sasa kijana wa miaka 22 aliye peke yake ugenini ana uhitaji gani? Hafi njaa. Ana chumba, ana intaneti. Asichonacho ni mtu atakayegundua kwamba jana hakuonekana. Nadhani uhitaji huu tunaudharau kwa sababu hauna damu. Aristotle anataja msemo wa watu wake kwamba watu hawajuani mpaka wale chumvi pamoja. Sisi tunasema mzee amekula chumvi nyingi. Kijana anamhitaji huyo aliyekula nyingi, akae naye mezani wale nyingine, na hilo linataka muda. Wazazi wako kazini, padre ana vigango. Mstaafu ndiye mwenye jioni ndefu.

Ila chakula kisiwe chambo. Papa Benedikto XVI aliandika mwaka 2005, katika Deus Caritas Est, kwamba upendo ni wa bure, hautendwi ili kupata kitu kingine. Kituo chochote, chao au chetu, nitakipima hivi: kijana aliyekula mwaka mzima bila kujiunga na lolote, bado anawekewa sahani?

Sisi tunao Priskila na Akula. Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi Roma, wakahamia Korintho, wakawa wanashona mahema, na Paulo akakaa kwao. Huko Efeso wakamsikia Apolo, msomi mwenye moto, ila alijua ubatizo wa Yohane tu. Hawakumwaibisha mbele za watu. Walimchukua kwao wakamweleza vizuri zaidi. Paulo anapotaja nyumba yao, anataja na kanisa linalokutana humo.

Jibu langu basi: waende, lakini siyo wote. Bibi anayelea yatima wa marehemu mwanawe, kituo chake ni jiko lake, na akiondoka hiyo ni Korbani. Wajukuu wenye wazazi wazima wanaweza kumwazima bibi kwa mwaka mmoja. Tatizo ni kwamba mara nyingi hawaulizwi. Tunasifu sadaka ya wazee, tunasahau kwamba nusu ya gharama inalipwa na mtoto wa miaka saba ambaye bibi yake sasa anamwona kwenye simu tu. Kijana anayepokea sahani pale Ujerumani anakula na ya huyo mtoto. Sidhani kama anapaswa kuikataa. Ila ningependa amuulize bibi jina la mjukuu wake.