HAKI YA KWANZA YA MTOTO MCHANGA

Ndugu zetu Waislamu wa Meru na Embu,

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Aliyemuumba mtoto dhaifu, asiyejua kusema wala kushika, naye akajua kunyonya. Mtazameni akiwekwa kifuani pa mamaye: hugeuza kichwa, hupanua kinywa, akalitafuta titi bila ya mwalimu.

Lakini wapo miongoni mwetu, mjini na katika mashamba ya kahawa, wanaomkaribisha mgeni huyu kwa maji ya sukari. Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, huyakamua wakayamwaga, wakidai ni machafu. Twawauliza: ni aya gani iliyoamrisha haya? Hiyo ni mila, wala si dini. Wala tahniki si hoja, kwani kumpaka mtoto tende kidogo katika kaakaa si kumlisha.

Madaktari wanatufahamisha kuwa dang'a ni kinga ya mtoto juu ya maradhi. Anyonyeshwe katika saa ya kwanza, na kwa miezi 6 asipewe kinginecho ila dawa aliyoandikiwa. Kila anyonyapo, maziwa huongezeka. Akijazwa maji, hunyonya kidogo, na maziwa hupungua, kisha watu husema, "Mama hana maziwa." Tusingoje kilio, kwani hicho ni dalili ya mwisho ya njaa, kabla yake mtoto hunyonya vidole. Na mtoto mchanga aliyeacha kunyonya yumo hatarini: apelekwe hospitali siku ile ile.

Mila hubadilika. Mwaka 2003, katika kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya miezi 6, 13 tu walinyonya maziwa ya mama peke yake. Mwaka 2014 walifika 61. Lakini mwaka 2022 walikuwa 60. Basi kazi haijesha.

Enyi waume! Aya ya 233 ya Sura ya Al-Baqara, iliyotaja kunyonyesha miaka 2 kamili, haikuishia kwa mama. Imemtwika baba chakula na mavazi ya mama huyo, kwa wema na kwa kadiri ya uwezo wake. Basi amrudishaye mkewe kuchuma kahawa hali hajapata nguvu, au amwachaye na njaa, amedhulumu wawili: mama na mtoto.

Mwenyezi Mungu atupe taufiki ya kuitunza amana hii. Amin.