Hasira na Gurudumu la Nyuma
Kenny Roberts, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia wa pikipiki za cc 500 mwaka 1978, 1979 na 1980, alikulia kwenye mashindano ya viwanja vya udongo. Kwenye kona aliacha gurudumu la nyuma liteleze, akiliongoza kwa mafuta. Ukishtuka ukakata mafuta ghafla, tairi linashika lami tena na pikipiki inakurusha juu.

Mimi hasira yangu nilikuwa naikata hivyo hivyo, nikidhani ndiyo upole. Siku moja ikamwangukia mdogo wangu, kisa sahani tu! Mt. Thomas wa Akwino anafundisha kwamba hasira inayoongozwa na akili siyo dhambi. Sawa, ila Roberts alikuwa na udongo wa kujifunzia. Mimi je? Jana nikamwambia dogo, kwa sauti ya kawaida, "Hapo umeniudhi." Akacheka. Nikanyamaza kidogo, nikarudia.