Mbwa Aliyeitwa Mshenzi

Mbwa wa misitu ya Kongo ambaye dunia humwita Basenji alibebeshwa jina ambalo sikio la Mswahili halihitaji kufasiriwa: ni ndugu wa neno letu "washenzi". Ni jina baya kwa mnyama msafi. Hujilamba mwili kama paka, nywele zake ni fupi, na kipaji chake kina mikunjo kama cha mtu mwenye fikira. Habweki kama mbwa wengine, lakini si bubu. Akifurahi hutoa sauti iliyo kati ya wimbo na kilio. Kwa sababu huwinda kimya, wawindaji wa Kongo humvika kengele ya mti shingoni, wapate kujua aliko aswagapo wanyama nyavuni.

Kazi hiyo ndiyo mwalimu wake. Katika kichaka kizito bwana hamwoni mbwa wake, wala hawezi kumwamuru kila hatua. Mbwa hana budi kuona, kukata shauri na kukimbia kwa akili yake mwenyewe.

Waliopelekwa Uingereza mwaka 1895 walikufa kwa maradhi. Waliofuata katika miaka ya 1930 ndio walioacha uzao huko. Tangu hapo mbwa wa msituni amekuwa mbwa wa sebuleni. Akifungiwa peke yake hutafuna viti, huparamia ua, na mlango ukiachwa wazi hukimbiza chochote kiendacho. Basi huambiwa mkaidi na mharibifu. Nauliza: jambo lililokuwa sifa msituni likigeuka kosa nyumbani, kosa hilo ni la nani?

Yuko atakayejibu kwamba mbwa hulishwa, na alishwaye hupaswa kutii. Hoja hii haina uzito. Chakula ni haki ya tumbo. Miguu nayo ina haki yake, na akili vilevile. Wengi wetu wa pwani hatufugi mbwa ndani, maana mate yake ni najisi kwetu. Walakini sheria hiyohiyo imehalalisha windo la mbwa aliyefunzwa. Imemtazama kwa kazi yake, jambo ambalo wapenzi wake wengi wamesahau.

Amfugaye Basenji hana budi kumtembeza sana asubuhi na jioni, akiwa na kamba karibu na barabara, na kumpa uwanja wenye ua mrefu wa kukimbilia. Masomo yake yawe mafupi, yenye tuzo. Fimbo humfundisha kukwepa tu. Tena uzao uliotoka kwa mababu wachache umerithi ugonjwa wa figo, ambao leo hupimwa kabla ya kuzalisha. Na mwaka 1990 daftari la uzao la Marekani lilifunguliwa kwa mbwa wapya kutoka Kongo, damu ipate kuchanganyika. Msitu uliodharauliwa kwa jina ndio ulioombwa dawa.

Mtu wa mjini atokaye alfajiri na kurudi usiku, nisingesita kumwambia asimchukue mbwa huyu, hata akipewa bure.