Hasara Ni ya Nani?

Kijana wa Kirua Vunjo, kwenye Mlima Kilimanjaro, anayeazimia kusoma shahada ya uzamili ya fedha na benki hukutana, mwanzoni kabisa mwa masomo yake, na kanuni ambayo ndiyo msingi wa elimu hiyo yote: kwamba shilingi iliyomo mkononi leo ina thamani kubwa kuliko shilingi itakayopokewa mwakani. Awe ameteremka kwa barabara ya Uchira hadi Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, au amesafiri mpaka Chuo cha Usimamizi wa Fedha cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1972 na kilichopo, kwa sadfa inayonifurahisha, katika mtaa uliopewa jina la Shaaban Robert, atafundishwa kuipiga hesabu kanuni hiyo kwa kila njia, lakini ni nadra ataulizwa kama ni ya haki. Siwalaumu walimu wake, maana wao wameajiriwa kufundisha hesabu. Hata hivyo swali hilo lina umri mkubwa kuliko benki zote, na mtu aliyelelewa katika parokia za mlimani, ambako riba ilihubiriwa kuwa dhambi kabla watu hawajaijua benki, hana budi kulikabili ikiwa anataka elimu yake na imani yake zikae nyumba moja.

Wanazuoni wa Kikristo wa Ulaya ya kale walilijibu kwa ukali. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 uliwakataza makasisi kutoza riba, na Mtaguso wa Tatu wa Laterano, mwaka 1179, ukawanyima mazishi ya Kikristo wale waliojulikana wazi kwa kazi hiyo. Hoja mojawapo iliyopendwa na wahubiri wa zama hizo ilikuwa kwamba mtoza riba huuza wakati, ilhali wakati ni milki ya Mwenyezi Mungu, naye amewagawia viumbe wake wote bila ya bei. Ni hoja yenye haiba, nami nakiri kwamba haijanitosheleza kamwe. Maana mwenye nyumba anayepangisha chumba kwa mwezi, na kibarua anayelipwa kwa siku, nao pia hupima ujira wao kwa wakati, na hakuna aliyewahi kuwaita wezi wa mali ya Mungu.

Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, aliona mbali zaidi. Aliyekopesha fedha, alisema, amemhamishia mkopaji umiliki wa fedha hizo pamoja na hatari ya kupotea kwake, na kwa hiyo hana haki ya kudai zaidi ya alichotoa. Bali aliyeingia shirika na mfanyabiashara au fundi, akatia mali yake huku hatari ikibaki juu yake mwenyewe, ana haki ya sehemu ya faida, kwa sababu faida hiyo imetoka katika kitu ambacho bado ni chake. Mafakihi wa Kiislamu walikwisha kufika mahali hapo hapo kwa njia yao. Kwao biashara ni halali na riba ni haramu, faida humfuata aliyebeba dhamana, na katika mkataba wa mudharaba, mwenye mtaji hubeba hasara ya mtaji wake ilhali mwenye kuufanyia kazi hupoteza jasho lake, isipokuwa pale palipo na taksiri.

Nikiyasoma hayo, sioni kwamba mlima ulikuwa na haja kubwa ya kufundishwa. Desturi ya Wachaga ya kuweka ng'ombe katika zizi la mtu mwingine ni ya kale: mfugaji hupata maziwa ya chakula na samadi ya migomba, mwenyewe hubaki na umiliki wa ng'ombe na uzao wake, na pengine mfugaji hukumbukwa kwa ndama au kwa sehemu ya nyama siku ya kuchinja. Ng'ombe akifa kwa maradhi, mfugaji akaonyesha kwamba hakuzembea, hasara huwa ya mwenye mali. Nisieleweke kwamba naisifu pepo iliyopotea, kwani kesi za ng'ombe wa mababu zimewachosha wazee wa ukoo mara nyingi, na zipo zilizorithiwa na wajukuu. Walakini wenye kesi waligombea idadi ya ndama na ukweli wa kifo. Kanuni yenyewe haikuwa na ugomvi.

Tuupime sasa mkopo wa benki kwa kipimo hicho. Mkahawa uliopandwa leo hutoa mavuno yake ya kwanza ya maana katika mwaka wa tatu au wa nne. Na deni la asilimia 18 kwa mwaka, lisipolipwa na riba ikizidi kuzaa riba, huwa maradufu katika miaka minne na kitu. Yaani mti unapoanza kuzaa, deni linakaribia kuzaa mwenzake. Ugonjwa wa chulebuni ukiingia shambani, deni halipungui. Mwezi wa Julai mwaka 1989, mapatano ya kimataifa yaliyogawa mgao wa kahawa yalipovunjika na bei ya dunia ikaanguka, hakuna mkulima wa Kirua aliyekuwa na kosa lolote katika jambo hilo, na bado hasara ilishuka mpaka kwenye kihamba chake, yaani shamba lake la ukoo. Na kihamba ndicho kinachotakiwa sasa kuwekwa rehani, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imewezesha hati ya hakimiliki ya kimila kutumika hivyo. Kihamba chenye makaburi ya babu na bibi chini ya migomba, jambo ambalo mthamini hana safu ya kuliandika.

Mwanafunzi wetu atanijibu, na haki anayo. Fedha zinazokopeshwa, atasema, si za benki; ni amana za wajane, walimu na vikundi vya kina mama, na benki ikibeba kila hasara ya mkulima, amana hizo ndizo zitakazoyeyuka. Ataongeza kwamba katikati ya miaka ya 1980 bei za nchi hii zilikuwa zikipanda kwa zaidi ya asilimia 30 kwa mwaka, hata aliyekopesha bila riba alirudishiwa pungufu ya alichotoa, na dhuluma hiyo nayo ina mdhulumiwa. Atanikumbusha kwamba benki za Kiislamu zenyewe, mathalani Amana iliyoanza kazi mwaka 2011, hutumia murabaha, mauzo ya bei iliyoongezwa, ambayo wakosoaji wake huiona inafanana mno na riba iliyobadilishwa vazi. Yote hayo nayakubali, na la kwanza ndilo zito kuliko yote.

Lakini kukubali kwamba hasara ina uzito si kukubali kwamba mzigo wote unamstahili mmoja. Chama kikuu cha wakulima wa Kilimanjaro, KNCU, kilichoundwa mwaka 1933 baada ya kile cha kwanza cha mwaka 1925, kiliwalipa wanachama malipo ya awali, kisha malipo ya pili kahawa ilipokwisha kuuzwa, na hivyo mwaka mbaya uligawanywa miongoni mwa wengi. Mkopo ambao marejesho yake yangepanda na kushuka pamoja na bei ya mnada wa Moshi si ndoto. Hesabu za kuupangia hatari yake zinafundishwa katika darasa lile lile la uzamili, ila hutumiwa zaidi kumkinga mwenye mtaji. Tasnifu moja juu ya jambo hilo ningeisoma kwa furaha kuliko kumi juu ya faida za benki zilizoorodheshwa katika soko la hisa.

Ugumu utabaki mahali pamoja, nao ni katika SACCOS ya kijiji, ambako mdai na mdeni ni watu wa mtaa mmoja wanaosali kanisa moja. Hapo mkulima akisamehewa sehemu ya marejesho kwa sababu ya ukame, anayesamehe ni mama wa mwanafunzi huyo huyo, ambaye akiba yake aliiweka kwa ajili ya ada ya uzamili; na sijui ni fakihi gani, wa Roma au wa Lamu, angemwambia kwa uso mkavu kwamba hiyo ni hatari aliyoikubali tangu mwanzo.