Kosa Lisilo na Mlalamikaji

Je, mtu aweza kumkosea asiyeweza kulalamika, mahali pasipo na shahidi, wala pasipo na sheria iliyovunjwa? Swali hili sikulikuta kitabuni. Nililikuta matopeni, asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, nilipokwenda peke yangu kutazama ndege huko Mida, katika pwani ya Kenya.

Mida ni hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, kusini ya Malindi. Ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyowekwa mwaka 1968. Mikoko imeizunguka, na kati ya mikoko hiyo kimejengwa kidaraja cha mbao chenye kuning'inia, kimfikishacho mgeni kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Maji yapwapo huacha uwanja mpana wa tope na mchanga, na hapo ndege wa pwani hutafuta kaa, minyoo na wadudu wa majini. Maji yajaapo uwanja hufunikwa, nao hukusanyika penye mchanga uliosalia, wapumzike mpaka maji yapwe tena.

Nilifika kabla ya jua kuchomoza. Nilimwona sululu, ambaye mdomo wake umepinda kama chombo chenye jina hilo. Nikawaona wale ndege weupe wenye migongo myeusi, walao kaa, ambao huzaa katika pwani za Bahari ya Shamu, Ghuba na Oman, na hutaga mashimoni mchangani. Lakini waliokuwa wengi kuliko wote ni vitwitwi. Baadhi yao walikwisha kuanza kuvaa manyoya ya rangi ya kutu, nayo ni dalili ya kuwa safari imekaribia. Kitwitwi huyu huzaa katika nchi ya Siberia, kaskazini kabisa ya Urusi, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka Mida. Uzito wake wa kawaida ni gramu 60 hivi. Kabla ya kuondoka hana budi kunenepa, maana mafuta ya mwili wake ndiyo akiba yake ya njiani. Kwa hiyo kula kwake wakati wa kupwa na kupumzika kwake wakati wa kujaa si mambo mawili. Ni kazi moja, nayo ni ya uhai na kufa.

Basi maji yakajaa. Vitwitwi wakasimama juu ya ukanda mwembamba wa mchanga, wengi kwa mguu mmoja, midomo wameificha mgongoni. Kutoka kibandani niliwaona vizuri, lakini nikataka kuwaona vizuri zaidi. Nikashuka, nikaanza kuwaendea polepole. Wale wa mbele wakainua vichwa. Nilifahamu maana ya vichwa vile. Nikaongeza hatua tatu. Mara kundi zima likaruka, likazunguka juu ya maji mara ya kwanza, mara ya pili, likitafuta mahali pengine wala lisipate. Mwishowe likarudi pale pale, likabanana upande wa mbali. Yote hayo hayakuchukua dakika tano. Nikajiambia, "Hakuna lililoharibika."

Nilipotaka kuligeukia jambo jingine, neno hilo halikuniacha. Kweli sikuvuka ua, wala sikutupa jiwe, wala hakuna mtu aliyeniona. Tena wavuvi na wachimba chambo hupita pale kila siku, na ndege huruka. Lakini mvuvi hupita kwa sababu ya chungu kilicho jikoni kwake. Haja yake ina uzito, hata kama nayo yapaswa kuwa na kiasi. Mimi nilipita ili kulishibisha jicho lililokwisha kushiba. Hayo mawili hayapimwi kwa mizani moja.

Lililonichoma zaidi ni kwamba maneno yale nilikwisha kuyasikia mahali pengine. Zamani kidogo nilikuwa mgeni katika nyumba ya watu wema. Tulizungumza mpaka usiku sana, na mwenyeji wangu akamwamsha binti wa kazi anipashie chai. Niliweza kusema, "Mwacheni alale." Sikusema. Akaja amejifunga kanga, akaniamkia kwa heshima, akaweka kikombe, akasimama kando akingoja nimalize. Nilipoonyesha haya kidogo, mwenyeji wangu akasema, "Hana neno, amezoea." Nikanywa chai. Binti yule angeamka tena saa kumi na moja alfajiri kuwasha moto. Usingizi ule ulikuwa akiba yake ya kesho, nasi tuliila kwa ajili ya kikombe kimoja.

"Hana neno, amezoea." "Wamerudi, hawakudhurika." Ni hoja moja iliyovaa nguo mbili. Twauchukua ukimya wa mnyonge na kuufanya ushahidi wa kututetea. Lakini mtoto aliyeamshwa ili wageni wamwone, mzee mgonjwa aliyegeuzwa kitandani kwa haraka, mtumishi aliyeitwa usiku, hao wote hunyamaza kwa sababu kulalamika kwao hakuna faida, au kwaweza kuwaletea hasara. Wahenga walisema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Yafaa tuongeze kwamba aliyepumzika hamjui aliyechoka, mpaka ajilazimishe kumjua.

Huenda msomaji akauliza, "Je, nani atapima madhara yenyewe?" Swali ni la haki. Mimi sitajua kamwe kama kuruka kule kulimpunguzia kitwitwi mmoja nguvu ambazo angezihitaji njiani, na ya binti yule pia sitayajua. Ndiyo sababu kipimo hakiwezi kungoja matokeo. Mwenye nguvu asiyeweza kuyaona madhara yake yampasa awe yeye mwenyewe mlalamikaji kwa niaba ya mwenzake, na ajiulize kabla ya kutenda: "Je, ninayo haja, au ninayo tamaa tu? Na gharama italipwa na nani?"

Nilirudi kibandani, nikakaa. Maji yalipoanza kupwa, vitwitwi walishuka mmoja mmoja kwenye tope jipya na kuanza kula. Niliwaona kwa mbali, wadogo kuliko nilivyopenda, na niliridhika. Mtu haambiwi aache kutazama, wala mwenye nyumba haambiwi asitumikiwe. Lakini kila mmoja wetu, awe porini au nyumbani kwake, huona wakati ule vichwa vinapoinuka. Hapo ndipo pa kusimama, kabla ya zile hatua tatu.