Mizani ya Mhamaji

Mizani ni chombo cha haki sokoni. Fukara na tajiri hupimiwa kwa mawe yale yale, na wingi wa maneno hauongezi ratili. Lakini mizani hupima uzito tu. Haijui ladha ya kitu, wala jasho lililokitoa shambani. Hapa pana swali lifaalo kufikiriwa: mtu apimwapo kwa alama ili aruhusiwe kukaa daima katika nchi ya wengine, kinachopimwa ni nini?

Kanada ilitangulia nchi nyingine kuwapima wahamaji kwa namna hii. Kabla ya hapo, asili ya mtu ndiyo iliyokuwa ufunguo wa mlango wake. Sheria ya mwaka 1923 iliwafungia nje karibu Wachina wote, na haikufutwa mpaka mwaka 1947. Kanuni za mwaka 1962 ziliondoa sehemu kubwa ya ubaguzi huo, lakini hukumu nyingi zilibaki katika kifua cha afisa. Tarehe 1 Oktoba 1967 alama zikaanza kazi. Mambo tisa yalipimwa kwa alama 100, na aliyepata 50 alihesabiwa kuwa amefaulu. Elimu ilikuwa na alama 20, umri 10, na maoni ya afisa juu ya mwombaji 15.

Siku hizi fundi au msomi aombaye kwa njia ya ujuzi wa kazi hutakiwa alama 67 katika 100. Lugha ina alama 28, elimu 25, uzoefu wa kazi 15, umri 12, ahadi ya kazi 10, na uwezo wa kuzoea maisha ya huko 10. Akivuka kizingiti hicho, huingia katika orodha iliyoanzishwa mwaka 2015. Humo hupangwa upya na wenziwe kwa hesabu ifikayo alama 1,200, kisha walio juu huitwa. Kwa hiyo kufaulu si kuitwa.

Utaratibu huu una wema wake, na asiyeusifu ameisahau hali iliyotangulia. Chuki haina hesabu, lakini alama zina hesabu. Binti wa Mombasa na kijana wa Paris huulizwa maswali yale yale, na kila mmoja aweza kujua mapema amepungukiwa wapi. Kabila haliongezi wala halipunguzi.

Walakini, usawa wa mawe hautoi jibu la nani aliyeyachagua mawe. Waswahili husema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa alama huulizwa jembe lake kabla hajabisha hodi, na jembe lenyewe hukaguliwa makali. Lugha zenye alama ni Kiingereza na Kifaransa. Mtu aliyebobea katika Kiswahili, Kiarabu na Kigujarati hapati kitu kwa hizo. Mwenye miaka 35 hupata alama zote 12 za umri, mwenye miaka 40 hupata 7, na aliyefikisha 47 hapati hata moja, ingawa huenda ndiyo kwanza busara yake imekomaa. Muuguzi mwenye shahada hupata alama 21 za elimu, lakini kodi ya wakulima iliyoisaidia shule yake haimo katika hesabu. Nchi moja hupanda na nyingine huvuna, na mizani husema kweli pande zote mbili.

Mwenye mizani naye alipata kuukiri upungufu huu. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, Kanada ililegeza masharti ya alama na kuwapokea zaidi ya watu 6,000. Miongoni mwao walikuwamo wazee na watoto. Mwaka huo dhiki ilipewa uzito ambao hesabu ya kila siku haikuwa nao, na nchi haikuharibikiwa kwa sababu hiyo.

Basi alama ni jibu la swali dogo: mtu huyu atafaa kazi ya nchi hii kwa kiasi gani, na kwa miaka mingapi? Swali hilo ni halali, kwa kuwa mwenye nyumba ana haki ya kujua nani anaingia. Hatari huanza jibu lake litumiwapo kujibu swali kubwa la thamani ya mtu. Mwalimu wa miaka 47 akisoma sifuri mbele ya umri wake, akaamini kwamba maisha yake ni sifuri, amedhulumiwa mara mbili, na mara ya pili amejidhulumu mwenyewe. Na taifa likizoea kuwaona watu kwa alama zao, litapata mikono mingi yenye ujuzi, lakini litakosa majirani. Mizani na ibaki sokoni, ifanye kazi yake kwa uaminifu. Utu haujapata kuwa na ratili.